Mwanangu, weka piki chini: barua kuhusu Machine Head

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, baba. Kifurushi hiki kina santuri moja tu, Machine Head ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Barua nimeichomeka ndani ya jalada makusudi, uisome kabla hujashusha sindano.

Ile sauti uliyonirekodia kwenye simu nimeisikiliza vizuri. Unapiga Smoke on the Water, wimbo wa albamu hii, kwa piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, kwenye nyuzi nene, na amplifaya umeifungulia mpaka mwisho. Vidole vinagusa panapotakiwa, lakini uzito haupo, nawe umeniuliza kwa nini. Jibu linaanzia mbali kidogo na mkono wako. Albamu hii ni nzito kwa sababu ina nafasi ndani yake. Watu watano waliirekodi wakati wa baridi, kwenye majengo ambayo hayakujengwa kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa ya unachokisikia humo imetokana na majengo hayo. Lijue hilo kwanza, ndipo tuje kwenye nyuzi.

Wenyewe walikuwa Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord kinanda, Roger Glover besi, Ian Paice dramu, na Ian Gillan mwimbaji. Desemba 1971 walikwenda Montreux, Uswisi, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Geneva. Walitaka kurekodi wakisikika kama wanavyosikika jukwaani, si kama bendi iliyofungiwa studio, kwa hiyo walikodi studio ya bendi ya Rolling Stones iliyojengwa ndani ya lori, yenye mashine ya tepu ya njia 16. Lori liliegeshwa nje, nyaya zikaingizwa ndani kwa wapigaji, na fundi wa sauti akabaki huko kwenye lori. Fundi alikuwa Martin Birch. Shika jina hilo, kwa sababu ndiye aliyekuja kusimamia albamu za bendi ya Iron Maiden kuanzia Killers ya 1981 hadi Fear of the Dark ya 1992. Ukipenda namna dramu zinavyosimama wima katika albamu hizo, mizizi yake unaisikia hapa.

Ukumbi waliopanga kuutumia ulikuwa Kasino ya Montreux. Kabla hawajaanza, Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, alikuwa na onyesho pale, tarehe 4 Desemba. Mtu mmoja katika watazamaji akafyatua bastola ya fataki za ishara kuelekea darini, dari ikashika moto, na kasino ikateketea yote. Watu walitoka hai. Claude Nobs, mkurugenzi wa tamasha la jazi la Montreux, alikuwa akiingia na kutoka kuwaokoa vijana, ndiyo maana ametajwa ndani ya wimbo. Vyombo vya Zappa viliangamia. Moshi ulitanda juu ya ziwa, na siku chache baadaye Glover akaamka usingizini akiwa na jina la wimbo mdomoni. Kwa hiyo usihangaike kutafuta fumbo katika maneno yake. Gillan anatoa habari ya mambo yalivyotokea: nani alikuwepo, nini kiliungua, na wao wakahamia wapi.

Kasino ilijengwa upya na kufunguliwa 1975, na ndani yake zikawekwa Mountain Studios, ambazo bendi ya Queen ilizinunua 1979. Ndiyo sababu sanamu ya mwimbaji wao Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja, imesimama leo kando ya ziwa lilelile lililofunikwa na moshi ule.

Baada ya moto, bendi ilipata ukumbi mwingine mjini, unaoitwa Pavilion. Hapo waliambulia wimbo mmoja tu, tena ala zake peke yake. Ndio huu unaoufanyia mazoezi, na wakati huo ulikuwa bado hauna maneno. Ilikuwa usiku na majirani wakaita polisi kwa ajili ya kelele. Wafanyakazi wa bendi waliishikilia milango isifunguke mpaka kipande kikamalizika. Kisha wakafukuzwa.

Nyimbo sita zilizobaki zilirekodiwa Grand Hôtel, hoteli kubwa iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, tupu na yenye baridi kali. Vyombo vilipangwa koridoni karibu na ukumbi wa mapokezi, na magodoro ya hoteli yakasimamishwa kuzuia sauti. Kutoka hapo kwenda kwenye lori ilikuwa safari: upite vyumbani, utokee roshani, ukatize ua wenye theluji, na kurudi vilevile. Baada ya muda waliacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakipiga wimbo na mioyo yao ikaridhika, wanahamia mwingine. Kazi yote ilianza tarehe 6 na kufungwa tarehe 21 Desemba.

Magodoro yale ndiyo unayoyasikia kwenye dramu. Godoro hufyonza sauti nyembamba kuliko sauti nene. Weka godoro kwenye korido yenye kuta ngumu, na mwangwi unaochoma masikio unapotea huku kishindo cha chini kikibaki. Sikiliza snea ya Paice, ile dramu ndogo yenye sauti kali, katika Pictures of Home, pale mwanzo kabisa anapoingia peke yake: kila pigo ni kavu na fupi, lakini lina mwili. Hakuna mkia wa mwangwi unaofunika pigo linalofuata. Hapo ndipo penye ile nafasi ninayokuambia. Paice anatumia mkono wa kushoto, na dramu zake amezipanga kinyume na wengi, kwa hiyo ukitazama video zake ili kuiga, kumbuka kugeuza.

Jambo la pili ni kinanda, na hapa sikio lako la muziki wa dansi litakusaidia. Katika bendi zetu umezoea gitaa la solo, la pili, la rithimu, kisha besi, kila moja na njia yake. Deep Purple wana gitaa moja tu. Sasa nani anapiga rithimu? Ni Jon Lord. Kinanda chake, cha aina ya Hammond, hakikupita tu kwenye spika ile inayozunguka, ya Leslie, ambayo hukipa sauti ya kanisani. Alikichomeka kwenye amplifaya ya Marshall, ya gitaa. Hammond ina mikono tisa ya kuvuta ambayo huchanganya sauti, kila mmoja na namba 0 hadi 8. Ukimsogelea rafiki yako mwenye kinanda cha kisasa chenye sauti ya Hammond, mwambie avute mitatu ya kwanza hadi 8, sita inayobaki airudishe 0, kisha aongeze mkwaruzo wa amplifaya. Huo ndio ukoo wa sauti hiyo. Mkwaruzo ukiwekwa juu ya mikono yote tisa iliyovutwa, sauti inageuka uji, kwa sababu kila mkono unaongeza sauti nyingine na mkwaruzo unazigonganisha zote. Hii ndiyo kanuni ileile inayokuangusha wewe kwenye gitaa.

Basi tuje kwenye rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia.

Umejifunza do re mi kwenye kwaya, tuitumie hiyo. Chukua G iwe do. Unavyopiga wewe, kama wapigavyo wengi, do iko chini na so iko juu yake. Blackmore ameigeuza: so iko chini, do iko juu. Noti ni zilezile mbili lakini zimebadilishana viti, na hapo ndipo uzito ulipo. Weka vidole kwenye waya wa nne na wa tatu (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) kwa pamoja, freti ileile kwa nyaya zote mbili. Namba ni za freti, zile kingo za chuma shingoni mwa gitaa; 0 ni waya ulioachwa wazi:

0, 3, 5. Kisha 0, 3, 6, 5. Kisha 0, 3, 5, 3, 0.

Hakuna zaidi ya hapo. Kwa mpangilio huu, nyaya zile nene mbili huzigusi kabisa.

Najua utauliza nyaya nyembamba zinaletaje uzito. Waya wa nne ukiwa wazi unatikisika mara 147 hivi kwa sekunde, wa tatu mara 196. Ukizipitisha sauti hizo mbili kwenye amplifaya yenye mkwaruzo kidogo, amplifaya inazaa sauti ya tatu ambayo ni tofauti yake: 196 toa 147, unapata 49. Hiyo ni G nyingine, oktavu mbili chini ya do yako, chini hata kuliko waya mnene kabisa wa gitaa. Hukuipiga, lakini spika inaitoa. Ukipiga kwa mpangilio wako wa zamani, do chini na so juu, tofauti inakuwa 98, yaani oktavu moja juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo mpangilio wa Blackmore unachimba chini zaidi kwa noti mbili tu. Ukiushusha mpangilio wako mpaka kwenye nyaya nene, tofauti inarudi 49 ileile, lakini noti zenyewe zimeshuka, zinagombana na besi, na spika ndogo kama yako haiwezi kuzitoa vizuri, inatetemeka tu.

Sasa piki. Piki inagusa waya wa nne kwanza, kisha wa tatu, hata ukiwa na kasi ya umeme. Zile sehemu ndogo za sekunde sikio linazisikia kama mkwaruzo wa mwanzo. Blackmore alizichomoa nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa vidole. Tumia dole gumba kwenye waya wa nne na kidole cha shahada kwenye wa tatu, uzibane kama unayechukua chumvi, kisha uachie. Sauti mbili zitatoka mlango mmoja kwa wakati mmoja. Ukishaisikia tofauti hutarudi kwenye piki kwa rifu hii, ingawa kwa Highway Star utaihitaji.

Kuna tatizo litakalokusumbua siku ya pili, kwa hiyo nalitaja leo. Nyaya zikiwa wazi, kwenye ile 0, zinaendelea kulia wakati wewe umeshahamia 3. Zinachafua. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuzizima kwa ubavu wa kiganja cha mkono wa kulia mara tu muda wake ukiisha. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuzipiga noti zilezile mahali pengine: waya wa tano na wa nne, freti ya 5 kwa zote mbili. D na G ni zilezile, ila sasa zimeshikwa na kidole, ukinyanyua kidogo zinanyamaza. Kutoka hapo unarudi kwenye waya wa nne na wa tatu kwa 3 na 5. Inadai mkono uhame, lakini ukimya unaupata bure.

Ukimya huo ni sehemu ya rifu. Hesabu moja mbili tatu nne huku ukigonga mguu. Zile tatu za kwanza zinaangukia juu ya mguu. Zinazofuata zinaingia mguu ukiwa hewani, katikati ya pigo na pigo, mpaka ile ya mwisho inapotua tena chini. Wengi huziweka zote juu ya mguu na rifu inageuka gwaride la shule. Kasi ya wimbo ni kama mapigo 114 kwa dakika. Anza na 80, upande kwa 4 kila unapoweza kuirudia mara kumi bila kosa, na usiruke.

Amplifaya: mkwaruzo uuweke nusu au chini ya nusu. Besi 4, sauti za kati 6 au 7, nyembamba 6. Wewe umeondoa sauti za kati karibu zote, kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, kwa kuwa chumbani peke yako inapendeza. Ukiingia pamoja na dramu na besi, gitaa lako litapotea kama mtu aliyezama. Sauti za kati ndipo gitaa linapoishi.

Na kabla ya yote hayo, gitaa liwe limekazwa sawa. Jina la albamu lenyewe ndilo hilo: machine head ni kile kitufe cha kukazia waya kichwani mwa gitaa. Geuza jalada, nyuma utakuta picha yake, cha gitaa la besi. Mbele ni nyuso za wanabendi zikionekana zimepinda kwenye bamba la chuma lililong'arishwa, na jina limegongwa kwenye chuma hichohicho. Ukikaza waya, daima maliza kwa kupanda. Ukipita, teremsha hadi chini ya noti kisha upande tena, maana ukimalizia kwa kuteremsha, meno ya kitufe yanabaki na ulegevu na waya utashuka katikati ya wimbo. Mzunguko wa waya kwenye nguzo yake uwe mara mbili au tatu. Zaidi ya hapo unajibana na kuteleza. Waya mpya uvute taratibu kwa kidole mara kadhaa, ukaze tena, mpaka utulie. Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa nyaya kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, la sivyo kutu itazila ndani ya wiki chache.

Sasa shusha sindano.

Upande wa kwanza unaanza na Highway Star, dakika 6 na sekunde 5. Ulizaliwa ndani ya basi, Septemba 1971, bendi ikielekea Portsmouth. Mwandishi wa habari aliuliza nyimbo zao hutungwaje, Blackmore akachukua gitaa akaanza kuirudiarudia G, Gillan akaweka maneno, na usiku huohuo wakaupiga jukwaani. Kuna solo mbili, ya kinanda inatangulia na ya gitaa inafuata. Ile ya gitaa hakuibuni papo hapo kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliitunga nyumbani, noti kwa noti, juu ya mfuatano ambao mwenyewe aliuhusisha na mtunzi wa kale Bach: D ndogo, G ndogo, C, A. Sikiliza pale anapoanza kukimbia: ni magitaa mawili yanayokwenda sambamba, yote ya kwake. Usijaribu kuikimbilia. Ijifunze kwa mapigo 70, noti nne kwa kila pigo, piki ikishuka na kupanda kwa zamu bila kuruka.

Maybe I'm a Leo ni somo la kuchelewa. Rifu ya Glover haianzi kwenye pigo la kwanza; inaliacha lipite ndipo inaingia. Kama unagonga mguu ukajikuta umepotea, kosa ni kwamba umefuata gitaa. Fuata beisi dramu, ile kubwa inayopigwa kwa mguu.

Pictures of Home ndio wimbo bora wa albamu kwa masikio yangu, na nitalishikilia hilo mbele ya yeyote. Kila mmoja anapewa nafasi, hata besi ina solo yake, jambo la nadra kwa roki nzito ya wakati ule. Glover anapiga kwa piki, ndiyo maana kila noti ina ncha. Karibu na mwisho wimbo unakatika kana kwamba umekwisha, kisha unarudi. Usinyanyue sindano.

Never Before ndio walioutoa kama singo, santuri ndogo ya kuuzia wimbo mmoja, wakiamini utauza. Uingereza ulifika nafasi ya 35 tu. Umetengenezwa vizuri lakini unajaribu kupendwa, na nyimbo nyingine sita hazijaribu.

Geuza. Upande wa pili unaanza na wimbo wako. Nataka ufuatilie mpangilio wa kuingia: gitaa peke yake, kisha haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) na kinanda chenye mkwaruzo, kisha dramu nzima, kisha besi, ndipo Gillan. Bendi haikuongeza sauti wakati wowote, imeongeza watu. Besi ikiingia unahisi sakafu imewekwa chini ya nyumba ambayo tayari ilikuwa imesimama. Marekani wimbo huu ulitolewa kama singo 1973 na ukafika nafasi ya 4, zaidi ya mwaka mmoja baada ya albamu kutoka Machi 1972.

Lazy, dakika 7 na sekunde 19, ni karamu ya Lord. Anaanza peke yake, na hapo ndipo utaisikia Hammond ikipita kwenye Marshall bila kitu kingine kuifunika. Gillan haimbi mpaka dakika nne na zaidi zimepita, na anapiga pia harmonika. Mdundo wake unabembea: pigo limegawanywa tatu, la katikati likaachwa. Ukiugawa mbili sawasawa utasikika kama mtu anayechechemea.

Space Truckin' unafunga. Hapa gitaa na kinanda zinapiga rifu kwa ukaribu kiasi kwamba wengi hudhani ni magitaa mawili. Zoezi zuri: usikilize mara moja ukifuata gitaa tu, mara ya pili ukifuata kinanda tu.

Wimbo mmoja wa vikao vile haumo: When a Blind Man Cries, wa taratibu, wenye huzuni. Uliwekwa nyuma ya singo ya Never Before kwa sababu Blackmore hakuupenda. Mimi naona ulistahili nafasi. Santuri ina dakika 37 na ushee tu, nafasi ilikuwepo.

Kuhusu mashine yako ya santuri. Sindano yako ni AT-VM95E. Uzito inaoikandamizia santuri uwe gramu 2.0, na usitoke nje ya 1.8 na 2.2. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, na hiyo ndiyo inayoharibu. Waya wa mashine uchomeke kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa PHONO. Ukichomeka AUX sauti itakuwa ndogo, nyembamba, haina besi, kwa kuwa besi hupunguzwa santuri inapokatwa na ni tundu lile tu linaloirudisha. Kama mashine yako ina swichi yake ya kufanya kazi hiyo nyuma, tumia kimoja kati ya hivyo viwili. Ukitumia vyote, sauti itakwaruza na kuunguruma.

Usishangae Never Before na Space Truckin' zikisikika chafu kidogo kuliko nyimbo zilizotangulia. Ndizo za mwisho kila upande, karibu na katikati. Santuri inazunguka kwa mwendo uleule, 33⅓ kwa dakika, lakini duara la ndani ni fupi, kwa hiyo habari ileile imebanwa kwenye nafasi ndogo. Sindano ikiwa imekaa upande kidogo, kosa linajitokeza hapo kwanza. Matoazi na herufi S za mwimbaji zikichanika mwishoni tu, rekebisha namna sindano ilivyokaa kichwani. Zikichanika mwanzo mpaka mwisho, safisha sindano.

Ukungu ndio adui mkubwa wa santuri pwani. Ukiona madoa meupe, osha kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita. Kitambaa laini, ukifuata mifereji kwa duara, kamwe usikate kwenda katikati. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, simamisha kivulini mpaka ikauke kabisa ndipo uirudishe. Maji ya bomba yanaacha chokaa mferejini, utasikia kama mahindi yanakaangwa. Na santuri husimama wima, hailazwi. Kwenye gari lenye jua itapinda kabla hujamaliza kunywa chai.

Ukitaka kuisikiliza kwenye simu pia, angalia mwaka kabla hujabonyeza, kwa kuwa zipo zaidi ya moja. Mchanganyiko wa 1972 ndio wa kuujua kwanza. Wa 1997 Glover aliuchanganya upya, na baadhi ya nyimbo zinaendelea kidogo kupita pale zilipofifia mwanzoni. Wa 2024 umechanganywa na Dweezil Zappa, mtoto wa Frank Zappa, yuleyule ambaye onyesho lake liliishia motoni. Ni mzuri kwa mwanafunzi kwa sababu vyombo vimetenganishwa zaidi. Baada ya hapo nenda Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972, uone nyimbo nne za hapa zilivyokua jukwaani. Space Truckin' huko inakaribia dakika 20.

Dole gumba na shahada, freti ya 5 kwenye waya wa tano na wa nne, mapigo 80. Ukifika 114 bila kuchafua, nirekodie tena, ila safari hii usiweke simu juu ya amplifaya; inapasua sauti. Iweke mezani, mita mbili kutoka kwenye spika.

Mama yako